Mjumbe Aliyekataliwa na Baraza: Maisha ya Bwana Julian Bond



Nataka kusema nanyi juu ya maisha ya Mmarekani mmoja, Bwana Horace Julian Bond, aliyekuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Georgia kwa muda wa miaka ishirini. Hakuwa Rais wala Gavana, wala hakupata kuketi katika Bunge kuu la Washington. Lakini katika mwaka wa 1966 kiti chake kilizusha shauri lililofika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, na shauri hilo lilikuwa juu ya jambo liwahusulo watu wote wapigao kura, popote walipo: kiti cha mjumbe ni cha nani?

Kwanza yafaa tuelewe kazi ya Baraza la namna hiyo. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina Gavana wake, mahakama zake na Baraza lake lenye nyumba mbili, isipokuwa Nebraska ambayo ina nyumba moja tu. Vita, fedha na mambo ya nchi za nje ni kazi ya Washington. Lakini shule, polisi, barabara, na sehemu kubwa ya sheria za uchaguzi, hayo yote huamuliwa katika jimbo. Mtu mweusi wa Georgia aliyetaka kujua kwa nini mtoto wake apita mlango wa shule iliyo karibu na kwenda kusoma shule ya mbali, hakuwa na haja ya kuuliza habari za Washington. Jibu lake lilikuwa katika mji wa Atlanta, katika jengo lile lenye kuba la dhahabu ambamo Baraza la Georgia hukutana kila mwezi wa Januari.

Katika jengo hilo watu weusi walikuwa hawaonekani kwa muda mrefu sana. Si kwamba hawakupata kuwamo katika Baraza kamwe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa kuondolewa, watu weusi walichaguliwa kuwa wajumbe, lakini mnamo Septemba 1868 wajumbe weupe walipiga kura wakawafukuza, kwa hoja kwamba sheria iliwapa haki ya kuchagua lakini haikuwapa haki ya kuchaguliwa. Walirudishwa mwaka wa 1870 kwa nguvu ya Serikali ya Washington. Kisha zikaja sheria za hila za kuwanyima kura, na baada ya mwaka wa 1907 hapakubaki mjumbe mweusi hata mmoja. Ilipita miaka 55 mpaka Bwana Leroy Johnson alipochaguliwa kuingia Seneti ya Georgia mwaka wa 1962.

Tena palikuwa na jambo la hesabu. Georgia ina wilaya 159, na kwa kanuni ya zamani kila wilaya ilipata angalau mjumbe mmoja, na wilaya kubwa kupita zote hazikupata zaidi ya watatu. Basi wilaya ya Fulton, ambamo umo mji wa Atlanta, ilikuwa na watu zaidi ya 550,000 katika hesabu ya mwaka wa 1960, nayo ilikuwa na wajumbe watatu. Wilaya ya Echols, yenye watu wasiofika 2,000, ilikuwa na mmoja. Mahakama Kuu ilipoamua katika mwaka wa 1964 kwamba kura ya mtu mmoja haifai kuwa nzito kuliko ya mwenzake, Georgia ililazimika kugawanya upya sehemu za uchaguzi, na viti vipya vikapatikana mjini Atlanta. Uchaguzi ukafanywa mwezi wa Juni 1965. Mmoja wa waliosimama alikuwa kijana wa miaka 25, naye ndiye Bwana Bond.

Alizaliwa tarehe 14 Januari, 1940, katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Babu yake, James Bond, alizaliwa mtumwa huko Kentucky mwaka wa 1863. Bwana Julian Bond alipenda kusimulia jinsi babu yake alivyotembea kwa miguu mpaka Chuo cha Berea akimvuta ng'ombe dume mchanga kwa kamba, ili ng'ombe yule awe ada yake ya masomo. Nadhani hadithi hiyo haina haja ya kufasiriwa kwetu, maana wako wengi hapa ambao elimu yao ilianzia zizini. Babu yule alihitimu, akawa mchungaji wa kanisa. Mwanawe, Daktari Horace Mann Bond, akawa mwalimu mkubwa, na mwaka wa 1945 alipewa ukuu wa Chuo cha Lincoln katika Pennsylvania, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Hicho ndicho chuo walichosoma Dkt. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Dkt. Kwame Nkrumah wa Ghana. Basi Julian alikulia katika nyumba ya vitabu na ya wageni wenye maneno mazito, na baba yake alitumaini kwamba atakuwa mtaalamu kama yeye.

Mwaka wa 1957 aliingia Chuo cha Morehouse mjini Atlanta. Hapo alihudhuria somo la falsafa ambalo mmoja wa waalimu wake alikuwa Dkt. Martin Luther King. Lakini kilichombadilisha hakikuwa somo. Mwezi wa Februari 1960, mwanafunzi mwenziwe, Lonnie King, alimfuata mahali walipozoea kunywa kahawa, akamwonyesha gazeti lililoeleza jinsi wanafunzi weusi wa Greensboro walivyoketi katika mkahawa wa weupe na kukataa kuondoka. Akamwuliza kama haoni kwamba jambo hilo lingefaa kufanywa Atlanta pia. Bond akajibu kwamba bila shaka mtu atalifanya. Mwenzake akamwuliza kwa nini mtu huyo asiwe wao.

Tarehe 15 Machi, 1960, wanafunzi wakaingia katika mikahawa kadhaa ya mji kwa saa moja, na Bond alikuwa kiongozi wa wale walioingia katika mkahawa wa ofisi za Halmashauri ya Mji. Akakamatwa, akatiwa ndani. Mwaka uliofuata aliacha masomo yake (aliyarudia baadaye, akapata shahada mwaka wa 1971) akawa msimamizi wa habari wa Kamati ya Wanafunzi iliyokuwa ikiunganisha kazi za kupinga ubaguzi bila kutumia nguvu. Kazi yake ilikuwa kuandika. Mtu akipigwa Mississippi, au kanisa likichomwa Alabama, yeye ndiye aliyehakikisha habari zimeandikwa sawasawa na kuwafikia wenye magazeti siku ile ile.

Kamati hiyo ilikuwa na jambo moja na nchi yetu. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache tu baada ya Kenya kupata Uhuru, Bwana Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alifika Atlanta akiwa mgeni wa Serikali ya Marekani. Vijana wa Kamati walikwenda kumwamkia hotelini. Walipotoka huko waliingia katika mkahawa ulio karibu ili wanywe kahawa, wakaambiwa kwamba watu weusi hawauziwi hapo. Wakaketi, wakakamatwa na polisi. Hivyo ndivyo mji ule ulivyokuwa: Waziri mweusi kutoka mbali aliandaliwa kitanda hotelini, na wenyeji weusi waliokuja kumsalimu walilala kizuizini.

Sasa turudi kwenye uchaguzi wa mwaka wa 1965. Sehemu ya 136 aliyoigombea Bwana Bond ilikuwa na watu weusi wengi, na wengi wao walikuwa maskini. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Badala ya kuwaeleza watu yale atakayowafanyia, aliwauliza wanataka nini kifanywe, wakamtajia mshahara mdogo, nyumba mbovu na kazi zisizopatikana. Akachaguliwa kwa kura nyingi sana. Watu weusi wanane walishinda viti vya nyumba ya chini mwaka huo, pamoja na Bibi Grace Towns Hamilton, mwanamke mweusi wa kwanza katika Baraza la Georgia. Baraza lilikuwa likutane mwezi wa Januari 1966.

Tarehe 3 Januari kijana mmoja mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyekuwa amekwisha kutumika katika jeshi la maji, aliuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, katika ugomvi juu ya choo cha weupe kwenye kituo cha petroli. Siku tatu baadaye Kamati ya Wanafunzi ilitangaza kwamba yapinga vita vya Vietnam. Tangazo lilisema kwamba Serikali haisemi kweli inapodai kuwa yapigania uhuru wa watu wa mbali, hali raia wake wauawa nyumbani kwa kuudai uhuru huo huo, na kwamba Kamati yawahurumia vijana wasiotaka kuandikwa jeshini. Bwana Bond hakuliandika tangazo lile. Lakini mwenye habari mmoja alimpigia simu akamwuliza kama akubaliana nalo, naye akasema ndiyo. Aliulizwa pia juu ya wale wachomao kadi zao za jeshi. Alijibu kwamba yeye hakuichoma yake, lakini astaajabia ushujaa wa wale wafanyao hivyo wakijua adhabu iliyo mbele yao.

Angaliweza kusema kwamba hajalisoma tangazo. Pengine hata rafiki zake wangalipendelea aseme hivyo, kwa sababu zilikuwa zimebaki siku nne tu kabla ya kuapishwa.

Jumatatu tarehe 10 Januari, wajumbe 75 walitia sahihi hati za kumpinga. Wenzake waliposimama kula kiapo, katibu wa Baraza alimwambia Bwana Bond asubiri pembeni. Ikateuliwa kamati ya kumsikiliza, mashahidi wakaitwa, na maneno aliyoyasema katika simu, yaliyokuwa yamenaswa katika utepe, yakasikilizwa upya. Jioni wakapiga kura. Wajumbe 184 walisema asiketi, na 12 wakasema aketi. Kumbukeni kwamba hakuna aliyesema kwamba hakuchaguliwa kwa haki, wala kwamba umri wake haukutosha, wala kwamba hakuwa mkazi wa sehemu yake. Walisema tu kwamba mtu mwenye maneno kama yale hawezi kuapa kwa moyo wa kweli kuishika Katiba.

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na kwa hiyo nimekitazama kiapo kile kwa jicho la kazi yangu. Neno lao la Kiingereza laweza kutiwa katika Kiswahili kwa njia mbili. Laweza kuwa kuitegemeza Katiba, kama vile nguzo itegemezavyo paa lisianguke. Laweza pia kuwa kuunga mkono, yaani kukubaliana na wenye madaraka katika yale wayatendayo. Mfasiri akichagua la pili, amekwisha kumfunga mjumbe kinywa kabla hajaketi. Baraza la Georgia lilikisoma kiapo kwa njia hii ya pili.

Bwana Bond akaenda mahakamani. Dkt. King alikuwa mkazi wa sehemu ile ile ya 136, akajiunga naye katika mashtaka akiwa raia aliyenyimwa mjumbe wake, na pia aliongoza maandamano mpaka kwenye jengo la Baraza. Shauri lilisikizwa kwanza na majaji watatu mjini Atlanta, nao mwezi wa Februari wakaamua kwa wawili dhidi ya mmoja kwamba Baraza lilikuwa na haki. Mmoja wa wale wawili, Jaji Griffin Bell, alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Marekani miaka kumi na mmoja baadaye. Wakati huo huo Gavana aliitisha uchaguzi mwingine ili kukijaza kiti kilicho wazi. Watu wa sehemu ya 136 wakamchagua yule yule, na safari hii hapana aliyesimama kumpinga. Kamati ya Baraza ikamkataa tena. Mwezi wa Novemba 1966, katika uchaguzi wa kawaida, wakamchagua tena. Basi walikuwa wamemchagua mara tatu naye hajaapishwa hata mara moja, na mwaka mzima sehemu yao haikuwa na sauti katika Baraza, ingawa kodi zao zilipokelewa bila kukataliwa.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 5 Desemba, 1966. Majaji wote tisa walikuwa na nia moja, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Hoja ya Georgia ilikuwa kwamba mjumbe si kama raia wa kawaida. Yeye amekula kiapo, na kwa hiyo yafaa apimwe utii wake kwa kipimo kikali zaidi. Mahakama iliigeuza hoja hiyo juu chini. Ilisema kwamba jimbo laweza kumtaka mjumbe ale kiapo, lakini wajumbe walio wengi hawakupewa ruhusa ya kuupima moyo wa mwenzao aliyechaguliwa kihalali, ili waamue kama anaapa kwa kweli au kwa uongo. Na kwa kuwa kazi ya mjumbe ni kusema juu ya mashauri ya nchi, yeye ndiye hasa apasaye kuachiwa nafasi pana ya kusema, ili waliomchagua wajue msimamo wake na wenzake wapate kujibizana naye. Kumnyima kiti kwa ajili ya maneno yake kulikuwa kuvunja Katiba ile ile waliyodai kuilinda.

Tarehe 9 Januari, 1967, Bwana Bond aliapishwa. Mwaka huo pia alitoa kitabu kidogo cha picha juu ya vita vya Vietnam, ili watu wasiozoea kusoma hotuba ndefu wapate kuelewa kwa nini alisema aliyoyasema. Naona katika jambo hilo kwamba kushinda mahakamani hakukumfanya anyamaze.

Jina lake likawa kubwa upesi. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic uliofanywa Chicago mwezi wa Agosti 1968, alikuwa mmoja wa viongozi wa kundi la Georgia lililokuja kupinga wajumbe waliochaguliwa chini ya mkono wa Gavana Lester Maddox, na mkutano ukaamua makundi hayo mawili yagawane viti. Humo humo jina lake likatajwa kwa cheo cha Makamu wa Rais. Hapakuwa na mtu mweusi aliyepata kutajwa hivyo kabla yake katika chama hicho. Akasimama akashukuru, akaomba jina lake liondolewe, maana Katiba yataka mtu awe na miaka 35 naye alikuwa na 28.

Kazi ya kila siku ya Baraza ilikuwa ngumu kuliko sifa hizo. Ni lazima niseme kweli kwamba Bwana Bond hakuwa mtu wa kupita vyumbani akiwabembeleza wenzake, na wengi wa wenzake hao walikuwa katika wale 184. Alisafiri mara nyingi kuhutubu vyuoni, na wako waliomlaumu kwamba haonekani kitini pake ipasavyo. Hata hivyo alidumu. Alikaa katika nyumba ya chini mpaka mwanzo wa mwaka wa 1975, kisha akawa katika Seneti ya Georgia mpaka 1987, na yahesabiwa kwamba miswada zaidi ya 60 aliyohusika kuiandika ilipata kuwa sheria. Jambo lake kubwa zaidi katika Seneti lilikuwa lile la mipaka. Georgia ilipogawanya upya sehemu za uchaguzi wa Bunge la Washington mwaka wa 1981, alidai Atlanta ipate sehemu ambayo watu weusi ni wengi kiasi cha kutosha kumpeleka mtu wamtakaye. Baraza likakataa. Mwaka wa 1982 mahakama ya Washington ikaona kwamba mipaka ya Baraza ilichorwa kwa nia ya ubaguzi, na sehemu ya tano ya Georgia ikachorwa upya.

Sehemu hiyo ya tano ndiyo aliyoigombea mwaka wa 1986, baada ya kuacha kiti chake cha Seneti, na aliyesimama kupingana naye alikuwa Bwana John Lewis, rafiki yake tangu siku za Kamati ya Wanafunzi, aliyepata kuwa mwenyekiti wake. Ulikuwa uchaguzi mchungu. Bwana Bond alitangulia katika kura za kwanza, lakini hakufika nusu, na katika marudio ya mwezi wa Septemba Bwana Lewis akashinda kwa kura chache. Weusi wengi walimpa Bond na weupe wengi wakampa Lewis. Bwana Lewis alikaa katika kiti hicho mpaka kufa kwake mwaka wa 2020.

Bwana Bond hakugombea tena. Akawa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Virginia kwa miaka ishirini, na tangu 1998 mpaka 2010 alikuwa mwenyekiti wa NAACP, chama cha zamani kupita vyote katika kutetea haki za watu weusi wa Marekani. Wengi wasiojua lolote juu ya Baraza la Georgia waliijua sauti yake, kwa kuwa ndiye aliyesimulia filamu ndefu ya historia ya vita vya haki za raia iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 1987.

Alifariki katika jimbo la Florida tarehe 15 Agosti, 2015, akiwa na umri wa miaka 75. Jamaa zake walimzika baharini, katika Ghuba ya Mexico, Jumamosi tarehe 22, nao waliwaomba wote waliopenda kumkumbuka waende kwenye maji yaliyo karibu nao, uwe mto au ziwa au bahari, na ifikapo saa nane mchana kwa saa za huko wanyunyize maua majini.